Saa 3 yetu imehamishwa: uzoefu wangu wa miaka sita na king'amuzi, Tanga

Nianze na nyota kabisa, maana najua wengi husoma hapo wakaondoka. Nimewapa tatu kati ya tano. Mpaka Oktoba walikuwa nazo nne na nusu, na ile nusu iliyopungua ilikuwa ya mvua tu: vuli ikinyesha, picha inaganda kama samli ya kipupwe mpaka wingu lipite. Hilo nilishalisamehe zamani. Hili la sasa, la kuihamisha na kuikata tamthilia yetu ya saa 3 usiku, bado.

Jina la kampuni naliweka kando. Mwenye king'amuzi kama changu atajitambua mbele ya safari.

Naishi Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Alfajiri napika maandazi ya kuuza, jioni natoa meza ya bajia, kachori na mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba. Meza inatoka baada ya Alasiri na kukunjwa saa 2 na nusu usiku; ikifika saa 3 kasoro nimeshaoga, nimejifunga khanga kavu, miguu juu ya kigoda. Ndani tuko mie, mzee wangu, binti yangu wa mwisho, mjukuu wa darasa la tano, na mama mkwe wangu ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi ana miaka themanini kasoro. Saa ya ukutani haitazami. Saa yake ni adhana: baada ya Isha huketi na tasbihi, na uradi ukiisha, tamthilia inaanza. Tangu tununue king'amuzi hiki mwanzoni mwa 2020 hesabu yake haikumtupa hata usiku mmoja, labda umeme ukatike.

Nataka muielewe hiyo saa 3, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nailipia. Miezi hii Isha inaadhiniwa saa 2 kasoro dakika chache. Saa 2 kamili ni taarifa ya habari, na katika nyumba hii hajazaliwa wa kumgusia mzee rimoti wakati huo. Siku za mpira, mechi ya ligi iliyoanza saa 1 usiku humalizika saa 3 kasoro. Mzee ananyanyuka akiwa amekunjua uso au ameukunja, kutegemea Coastal Union wameamkaje siku hiyo, na rimoti inavuka upande wetu. Hakuna aliyekaa akaupanga mpango huo. Ulijipanga wenyewe kidogo kidogo, rimoti ikawa inapita mikononi kama kata ya mtungi, kwa zamu na bila kelele. Majirani wawili na shoga yangu wa Makorora walikuwa wakijipenyeza na vigoda vyao Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nzima, sahani ya kachori zilizobaki ikiwa katikati.

Tamthilia yenyewe ni ya Kituruki, imetiwa sauti za Kiswahili. Koo mbili, shamba la mizeituni, wosia uliofichwa, na mama mkwe mmoja mwenye kijicho ambaye Bibi alimbandika jina la Kigego tangu epsodi ya pili. Jina lake halisi humu ndani hakuna anayelikumbuka tena.

Basi Jumatatu moja ya Novemba tumekaa, saa 3 kamili, tunaweka chaneli tunakuta watu wanashindana kupika. Tukadhani tumekosea namba. Binti yangu akafungua ratiba kwenye skrini. Ratiba ile inaandika saa kwa mtindo wa 20:30 na 21:00, na sisi tuna ufundi wetu wa kuisoma: toa 18, kinachobaki ndiyo saa ya Kiswahili. 20:30 toa 18, saa 2 na nusu. Tamthilia ilianza saa 2 na nusu, ikaisha saa 3. Sisi tulifika karamuni masahani yanaoshwa.

Ujumbe wa simu uliingia Alhamisi yake. "Habari njema", ulianza hivyo, tamthilia uipendayo sasa ni siku tano kwa wiki. Mjukuu anaapa kwamba tangazo lilipita hata kabla, maandishi madogo yanayokimbia chini ya skrini, lakini yalipita wakati Kigego anamnyang'anya mjane funguo za ghala. Nani angesoma maandishi saa hiyo?

Bibi aliposomewa ule ujumbe akasema, "Siku tano? Si wametuongezea basi." Nami nikaona kweli, wametuongezea. Nilikaa na imani hiyo kama siku mbili.

Wiki iliyofuata nikampa mjukuu simu yenye saa ya kupimia na daftari lake la hesabu, nikamwambia kazi yako ni hii, Jumatatu mpaka Ijumaa. Alifanya kazi ile kwa uaminifu ambao shuleni sijausikia. Katika dakika 30, matangazo yanakula 7. Yale ya kukumbushwa yaliyopita, 3. Wimbo wa mwanzo, wa farasi na machozi, 1 na nusu. Kuonjeshwa ya kesho, 1. Hadithi yenyewe inabaki dakika 17 na nusu, na siku zote tano hazikupishana sana.

Za zamani je? King'amuzi hiki kinarekodi kwenye flashi, na bahati nzuri flashi ya Bibi ina epsodi nne za saa nzima alizozikataza zisifutwe kwa kuwa zina harusi. Tukazipima nazo. Matangazo 13, yaliyopita 2, wimbo uleule 1 na nusu, ya kesho 1. Hadithi, dakika 42 na nusu.

Zidisha sasa. Siku tatu za zamani zilitupa dakika 127 na nusu za hadithi kwa wiki. Siku tano za sasa zinatupa 87 na nusu. Dakika 40 zimekwenda na maji, na tumetumiwa habari njema. Kilichoongezeka ni wimbo, tulikuwa tunausikia mara tatu, sasa mara tano. Kifurushi ni bei ileile ya elfu ishirini na kitu.

Mie ni muuza maandazi, na ujanja huu nausoma kwa mbali kwa sababu nimeshaufanya. Sitaki kujitakasa. Unga ulipopanda, bei niliiacha, donge nikalipunguza, hamira nikaizidisha ili andazi lifure lijaze macho. Wa kwanza kunikamata alikuwa mwanafunzi. Alilibonyeza andazi kwa vidole viwili likashuka kama mto wa pamba uliokaliwa, akanitazama. Nikamwambia, "Unga umepanda, mwanangu." Akalipa, akaondoka, kesho yake akarudi.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza nne, sikiliza wimbo. Akapokea kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tamthilia yetu ya saa 3 imekwenda wapi?"

"Ratiba imeboreshwa, mama yangu."

"Imeboreshwa kwa nani?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa hivyo tangu asubuhi, akaniambia maoni yangu yatafikishwa panapohusika. Adabu yake naipa nyota tano, wallahi, wala sina neno naye. Hiyo "imeboreshwa" ndiyo iliyonikaa kooni. Kama mmeona matangazo mengi yanalipa zaidi, semeni. Mie ni mfanyabiashara, ningeelewa.

Mwanangu wa kiume alisoma Uturuki miaka minne, na yeye ndiye aliyenifungua macho kwa jambo ambalo sikulijua. Huko kwao, anasema, tamthilia za namna hii hurushwa mara moja kwa wiki, na epsodi moja hupita saa mbili. Ukijumlisha matangazo, mtu anaanza saa 2 usiku anainuka karibu na usiku wa manane. Ni kama kupiga filamu nzima kila wiki, na watunzi na mafundi wao wameulalamikia urefu huo miaka mingi, kwani wanaokesha kwenye kamera ni wao. Ile ya Sultani Suleiman, ambayo wengi wetu tuliiona kwa Kiswahili, kwao ilikuwa na epsodi 139, kati ya 2011 na 2014. Zikiuzwa nje, hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ili kimoja kitoshee saa moja ya televisheni pamoja na matangazo yake.

Kumbe basi hata ile ya saa 3 tuliyokuwa tunaililia ilikuwa imeshapita kwenye kisu. Ndiyo maana zamani zile epsodi zilikuwa zinaishia pasipo na mwisho, mtu ameshika kitasa cha mlango, au amefungua mdomo tu. Sisi tukidhani ni ufundi wa kutunyima usingizi! Sasa vipande vimekatwa tena. Nguru akitoka soko letu la samaki la Deep Sea amekatwa mapande, bado unajua hili la kichwa na hili la mkia, na mchuzi unapikika. Mwenye genge akiyakata tena mapande yale ili yawe mengi, unakwenda nyumbani na miba.

Mfano ni wa Jumatano moja. Kigego ameinua barua, ukumbi mzima umesimama, anasema, "Huyu mtoto si..." Muziki. Mwisho. Alhamisi tumerudi wote, dakika tatu za yaliyopita, tukaonyeshwa tena barua, tukaonyeshwa tena ukumbi, farasi, machozi, halafu, "...wako." Matangazo ya sabuni.

Nisieleweke kwamba nachukia nusu saa. Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyokuwa ITV. Ilianza kwao 1998, ikafungwa Machi 2020, na ilikuwa nusu saa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu aliyeitunga aliitunga kwa kipimo hicho: inafunguka, inachemka, inafunikwa, yote ndani ya muda wake. Kanzu iliyoshonwa fupi inavalika. Ndefu iliyokatwa kwa mkasi mlangoni, nyuzi zinaning'inia, watu wote wanaona.

Wifi yangu yuko Uingereza miaka mingi, naye ameambukizwa Coronation Street, tamthilia iliyoanza Desemba 1960 na mpaka leo haijaisha. Chaneli yake inaitwa ITV pia, siyo hii yetu ya Mikocheni. Nilipompigia kumlilia akacheka mpaka akakohoa: na wao wamebadilishiwa! Mwaka 2022 waliwekewa saa nzima siku tatu kwa wiki, na Januari hii ya 2026 wamerudishiwa nusu saa, siku tano. Hesabu nikamfanyia papo hapo: saa tatu kwa wiki zimekuwa mbili na nusu. Nao wamepunjwa. Lakini wao waliambiwa karibu mwaka mzima kabla, watunzi wao wanatunga kwa kipimo kipya, na asiyeweza kukaa usiku anaikuta kwenye intaneti tangu asubuhi ya siku hiyohiyo. Wifi anasema watu bado wananung'unika. Nikamwambia nipe mimi hayo manung'uniko niyavae.

Kwa upande wa nyumbani, saa 2 na nusu imetuingia kama mgeni wa kulala asiyetoa taarifa. Mimi nina mafuta ya moto jikoni na wateja watatu wamesimama. Mzee yuko kipindi cha pili, na kumwambia Mswahili wa Tanga aache mpira dakika ya sabini kwa ajili ya mizeituni ya Uturuki ni kutafuta talaka uzeeni. Wiki za mwanzo kulikuwa na maneno. Kisha binti yangu akaleta suluhu ya redio ndogo, mzee anasikiliza barazani akiwa amenuna, ila siku ya Simba na Yanga hiyo suluhu haipo na wala siijaribu. Majirani wawili bado wanakuja. Shoga yangu wa Makorora ameacha, kwa sababu bajaji ya kwenda na kurudi kwa ajili ya dakika 17 na nusu haina maana, na hapo simlaumu.

Nisiwe mwizi wa fadhila lakini. Picha ni safi, malipo kwa simu yanaingia papo hapo, na mara mbili tulipokosa signo fundi alifika siku ileile. Mara ya pili alikuta kishikio cha dishi kimeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Alibadilisha vifaa, hela yake ikawa ya haki. Na zile sauti za Kiswahili ni kazi ya kuheshimiwa. Tanga hatumgawii mtu sifa ya Kiswahili ovyo. Shaaban Robert kazaliwa hapa Vibambani, jirani na Machui, na kila mpiga soga wa barazani anadhani yeye ndiye aliyeachiwa urithi. Bibi huwasahihisha. Mtumishi mzima na ndevu zake akimwamkia shikamoo mwanamume wa rika lake, Bibi hulalamika kwamba hawa hawakufundwa. Lakini binti mdogo wa mle ndani akiamkia, Bibi humwitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti, na hakuna anayecheka tena, tumeshazoea.

Anayefikiria kununua, mambo machache ya kujua. Marudio ni saa 5 asubuhi. Mie muda huo niko soko la Mgandini nachagua mihogo, wewe huenda uko nyumbani. Programu yao ya simu huweka epsodi siku ya pili, inafanya kazi, lakini inakula bando kama nzige. Jumamosi mchana wanarusha epsodi zote tano za wiki mfululizo, ila hawakujisumbua kuzishona ziwe kitu kimoja, kwa hiyo yaliyopita na wimbo vyote vimo mara tano, na ukifika mara ya nne unamchukia hata farasi. Bora flashi. Nunua ya GB 32, weka kurekodi usiku, na uanze dakika kumi kabla umalize dakika kumi baada, maana siku nyingine wanatangulia na siku nyingine wanachelewa. Kama wewe ni mtu wa ofisini, saa 2 unusu uko kwenye kochi na nyumba yako haina mpenda mpira, huenda mabadiliko haya hata hukuyahisi, na nyota zako zitakuwa nyingi kuliko zangu. Haki yako.

Kinachonipa wasiwasi ni Ramadhani, na si mbali, katikati ya mwezi ujao. Isha ikiisha watu wanasimama tarawehe, msikiti wa mtaani kwetu unatoka kwenye saa 3. Miaka yote tulikuwa tunarudi, tunamimina uji, tunaketi, na wimbo ndiyo unaanza. Waarabu wenzetu hutunga kabisa tamthilia za mwezi ule kwa hesabu ya usiku wake, epsodi 30, moja kwa kila futari. Huku kwetu sijaona ujumbe wowote kama saa 2 na nusu itabaki ileile mwezi mtukufu. Nimeuliza tena kwa simu. Maoni yangu yatafikishwa.

Kwa sasa anayeangalia ni Bibi na mjukuu. Mie nikishakunja meza na kumwaga maji ya mwisho, saa 3 na dakika zake, nakaa chini, kando ya kitanda cha Bibi, na sahani yangu, naye ananisimulia. Anaanza na nani kaamkaje, kavaa nini, mvua ilikuwa inanyesha au la. Anamwigiza Kigego kwa kuubana mdomo upande. Epsodi ya dakika 17 inachukua saa nzima, wakati mwingine na ziada, mpaka mzee anagonga ukuta.

Jumamosi iliyopita nilipata nafasi, nikakaa kuangalia ule mfululizo wa mchana. Nikangoja kile kibao ambacho mjane alimzaba Kigego mbele ya kadhi, maana Bibi alinisimulia Jumanne mpaka nikashindwa kula. Kibao hakikuwepo. Kadhi mwenyewe hakuwepo. Jioni nikamwambia, "Bibi, mbona kile kibao sikukiona?"

"Wamekata hao," akasema, tasbihi haikusimama. "Mie nimekurudishia."

Nikamwuliza kilikuwa cha mkono gani. Cha kushoto, akasema, maana wa kulia alikuwa ameshikia funguo.